Sindano, Mshipa na Masafa: Historia ya Njia ya Damu katika Tiba ya Figo kwenye Pwani ya Mtwara na Mlango wa Ruvuma

Utangulizi

Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi huhitaji, kwa kawaida, kusafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, na kila kipindi huchukua saa 4 hivi. Iwapo njia ya damu yake iko mkononi, sindano 2 huingizwa katika kila kipindi: moja ya kuitoa damu na kuipeleka mashineni, ya pili ya kuirudisha mwilini. Kwa mwaka mzima hivyo ni vipindi 156 na michomo 312. Sindano zenyewe hazifanani na zile za chanjo. Upana wa sindano ya geji 15 hukaribia milimita 2, ilhali ya chanjo ni kama nusu milimita. Damu inayopita humo hufikia mililita 300 kwa dakika, yaani kiasi cha chupa ya soda kila dakika moja, kwa saa 4 mfululizo. Hakuna mshipa wa kawaida wa mkononi unaoweza kutoa damu kwa kasi hiyo bila kunywea. Ndiyo maana swali la kwanza katika tiba hii si mashine ya aina gani itumike, bali damu itatolewa wapi.

Insha hii inafuatilia historia ya sindano na mshipa katika ukanda unaoanzia Mikindani, kupita Mtwara mjini, Msangamkuu na Msimbati, hadi mlango wa mto Ruvuma, pamoja na uwanda wa Makonde ulio nyuma ya pwani hiyo. Hoja yake ni kwamba kwa karibu karne nzima sindano ilimfuata mtu alikokuwa. Ilipelekwa kijijini, ikachoma mara moja au mara chache, ikaondoka. Tiba ya kusafisha damu iligeuza uhusiano huo: mtu ndiye anayeifuata sindano, tena bila kukoma, na mwili wake hupaswa kuandaliwa miezi kadhaa kabla ya mchomo wa kwanza. Masimulizi ya maendeleo ya tiba hii nchini yamezoea kuhesabu mashine na vitanda. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haielezi kwa nini mgonjwa wa kutoka Msimbati anaweza kufika penye mashine na bado akawa hajafika penye tiba iliyo salama.

Chuku, buba na sindano ya nyama

Wenyeji wa pwani hii walikuwa na ujuzi wao wa kupitisha chuma katika ngozi kabla ya sindano kuja. Wamakonde walichanja nembo usoni na mwilini. Waganga walichanja chale na kupaka dawa ndani yake. Katika miji ya Waswahili palikuwa na kuumika: mwumikaji huchanja ngozi, huweka chuku juu yake na kuifyonza hewa ili damu inayodhaniwa kuwa mbaya itoke. Fikra iliyo nyuma ya kazi hiyo, kwamba damu huweza kuchafuka na kwamba uchafu huo huleta maradhi, haikuhitaji kuletwa na yeyote. Tiba ya mashine ilipofika ikaitwa kwa Kiswahili kusafisha damu, na jina hilo lilikuta nyumba imekwisha kujengwa. Tofauti yao ni moja, nayo ni kubwa. Katika kuumika damu hutoka na kumwagwa, mtu akaenda zake. Katika mashine damu ile ile hurudi, na mtu pia hana budi kurudi keshokutwa.

Sindano ya hospitali iliingia kwa njia ya serikali na misheni. Wajerumani walijenga boma Mikindani katika miaka ya 1890. Wabenediktini walianza kazi Ndanda mwaka 1906, na kituo chao kikakua kuwa mojawapo ya hospitali kubwa za kusini. Huko ndiko alikofanya kazi kwa miongo Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa daktari. Upande wa Waanglikana, daktari Leader Stirling alifika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, katika eneo la Masasi. Mtu huyo baadaye aliingia bungeni, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Ni jambo la kukumbukwa kwamba sera ya afya ya taifa wakati wa ujenzi wa zahanati za vijiji iliongozwa na daktari aliyejifunza nchi hii katika mazingira ya Masasi.

Ugonjwa ulioipa sindano sifa yake ni buba. Dawa za mwanzo zilizouponya, zilizotokana na aseniki, zilipaswa kuingizwa ndani ya vena. Kazi hiyo ilitaka mkono uliozoea, kwa kuwa dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kutumia kwa wingi bismathi, dawa ya bei nafuu inayochomwa katika misuli ya tako. Hapo mambo yakabadilika. Mganga msaidizi aliyefunzwa kwa muda mfupi angeweza kuwachoma watu wengi kwa siku moja chini ya mwembe, na vidonda vikaanza kukauka katika siku chache. Wanahistoria wa tiba katika Tanganyika wamekwisha kueleza jinsi watu walivyoitaka sindano wenyewe, wakatembea mbali kuifuata, na jinsi dawa ya kunywa ilivyoanza kuonekana kuwa nusu ya tiba. Penisilini iliyofuata baada ya Vita Kuu ya Pili iliithibitisha imani hiyo.

Mabadiliko hayo ya kutoka mshipani kwenda kwenye nyama hayakuandikwa kama tukio kubwa, lakini athari yake ilikuwa ya muda mrefu. Huduma ya afya ya vijijini ilijengwa juu ya sindano ya nyama, na mfanyakazi wa zahanati alikuwa bingwa wa tako na bega. Vena ilibaki kazi ya hospitali. Na pale vena ilipoanza kutumika kwa wingi, kwa ajili ya dripu ya maji au ya kwinini, ilitumika kama mlango wa dharura: unaoonekana kwanza ndio unaofunguliwa, bila kuuliza kama mwenye nyumba atauhitaji baadaye.

Damu inayochukuliwa

Sindano inayotia dawa ilipokewa kwa furaha. Inayotoa damu ilipokewa vingine. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, tangu enzi ya ukoloni, palienea habari za mumiani, yaani watu wanaodaiwa kuwanyonya wenzao damu ili itengenezwe dawa. Habari za namna hiyo zimesikika pia kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Si sahihi kuzichukulia kuwa ujinga tu. Zilikuwa njia ya watu kuuliza swali la haki: damu yangu inakwenda wapi, na anayeichukua ananirudishia nini?

Mkoa wa Mtwara una mfano wake mkubwa. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni shida na kaya huyahifadhi ndani kwa muda mrefu, hali inayowapa mbu mahali pa kuzaliana. Marion Robinson alieleza dalili za ugonjwa na W. H. R. Lumsden akaeleza mwenendo wa mlipuko, maandiko yao yakachapishwa mwaka 1955. R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe nchini Uganda, alitenga kirusi kutoka katika damu ya wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1956. Jina chikungunya, linalotajwa leo kutoka India hadi Brazili, limetokana na neno la Kimakonde la kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Damu ya Newala ilisafiri, ikazaa elimu, na neno la Newala likaingia katika kamusi za tiba duniani. Wenye damu walibaki uwandani bila dawa mahsusi ya ugonjwa huo, na hata leo haipo.

Mfano wa pili ni wa usiku. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyosumbuliwa sana na matende na busha. Vimelea vya maradhi hayo huonekana katika damu ya pembeni nyakati za usiku, kwa hiyo vipimo vya zamani vilitaka mtu achomwe kidole usiku wa manane. Si vigumu kuona jinsi kundi la wageni wenye taa na vichupa, wanaobisha hodi usiku wakiomba damu, lilivyoweza kufanana na mumiani machoni pa mwenye nyumba.

Historia hiyo ina uzito katika suala la figo. Utambuzi wa ugonjwa sugu wa figo mapema hutegemea kutoa damu kwa mtu ambaye bado hajisikii mgonjwa, ili kreatinini ipimwe. Figo huharibika kimya, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari, na dalili huja mwishoni. Mtu aliyezoea kwamba sindano ni jibu la maumivu hana sababu ya kuitafuta akiwa mzima, na aliyerithi shaka juu ya damu inayochukuliwa ana sababu ya kuikwepa. Matokeo yake yanajulikana katika hospitali nyingi za Afrika kusini ya Sahara: mgonjwa hufika mara ya kwanza akiwa amevimba, akitapika na kukosa pumzi, na mashine inahitajika siku hiyo hiyo.

Mshipa unaotengenezwa

Kwa nini kuchelewa huko ni msiba hasa kwa mshipa, na si kwa figo tu? Jibu limo katika historia ya tiba yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta mahali pa kuchoma.

Mwaka 1924, mjini Giessen, Ujerumani, Georg Haas alifanya jaribio la kwanza la kusafisha damu ya binadamu nje ya mwili. Lilichukua dakika 15. Damu ilizuiwa isigande kwa hirudini, dawa iliyotokana na ruba. Mwaka 1943, katika Uholanzi iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani, Willem Kolff alitengeneza mashine ya pipa lenye kuzunguka mjini Kampen. Mgonjwa wake mmojawapo wa mwanzo, mwanamke wa miaka 29, alisafishwa damu mara 12. Mashine haikushindwa. Kilichoisha ni mishipa ya kuingilia, na kwa kuwa hapakubaki pa kuingilia, mgonjwa alifariki. Kwa miaka mingi baada ya hapo tiba hii iliwafaa tu wale ambao figo zao zingepona zenyewe baada ya siku chache, kwa sababu kila kipindi kiliharibu ateri moja na vena moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Belding Scribner mjini Seattle, Marekani. Mwezi Machi 1960 yeye na wenzake walimwekea Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi, mmoja ndani ya ateri na mmoja ndani ya vena, ikaunganishwa nje ya ngozi wakati mgonjwa hayuko mashineni. Shields, fundi wa mitambo, aliishi zaidi ya miaka 10 baada ya hapo. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na figo zinazofanya kazi aliweza kuishi. Lakini mirija iliyotokeza nje iliambukizwa, iliganda, na iliweza kuchomoka.

Suluhisho lililodumu halikutumia kifaa chochote. James Cimino, aliyekuwa na Michael Brescia katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, aliwahi ujanani kufanya kazi ya kutoa watu damu, naye alijua vema tabia za vena. Yeye na wenzake walitambua kwamba majeraha ya vita wakati mwingine huunganisha ateri na vena kwa bahati mbaya, na vena hiyo ikapanuka bila kumdhuru mtu kwa haraka. Mwaka 1965 mpasuaji Kenneth Appell aliunganisha kwa makusudi ateri ya kifundo cha mkono na vena iliyo jirani, na mwaka 1966 matokeo yakachapishwa. Damu yenye nguvu ya ateri inapoingizwa katika vena, ukuta wa vena hunenepa na njia yake hupanuka. Baada ya wiki 6 hadi miezi 3 mkono huwa na mshipa mnene, ulio karibu na ngozi, unaotetemeka ukiguswa. Mgonjwa hufundishwa kuugusa kila asubuhi: mtetemo ukipotea, njia imeganda na kila saa ina thamani.

Muungano huo ndio unaoitwa fistula, na ndio njia inayopendekezwa kwa wagonjwa wengi hadi leo, kwa kuwa huambukizwa kwa nadra na unaweza kudumu miaka mingi. Lakini unataka mambo mawili ambayo pesa ya dharura haiwezi kuyanunua: muda wa kukomaa, na vena nzima ya kuanzia.

Baada ya kukomaa, hatima yake humwangukia muuguzi. Zipo namna 3 za kuuchoma. Ya kwanza hufuata mfano wa ngazi ya kamba: kila kipindi sindano hupanda hatua moja juu ya mchomo uliopita, hadi mwisho wa mshipa, kisha huanza tena chini, ili kila tundu lipate siku za kupona. Ya pili ilielezwa na Zbylut Twardowski nchini Poland katika miaka ya 1970, kwa mgonjwa aliyekuwa na sehemu chache za kuchomwa. Sindano hupita katika tundu lile lile, kwa pembe ile ile, hadi njia ya kovu ijengeke kama tundu la sikio la mvaa herini, na baada ya hapo hutumika sindano butu. Maumivu hupungua, lakini usafi ukilegea kidogo vijidudu hupata njia iliyo wazi, na ndiyo sababu wataalamu hawajakubaliana juu ya kuitumia kwa kila mtu. Ya tatu haifundishwi popote lakini hutendeka kila mahali: kuchoma eneo moja dogo mara kwa mara kwa sababu ni rahisi na mgonjwa hasikii uchungu tena hapo. Ukuta wa mshipa hudhoofika, hutuna kama puto, na ngozi juu yake hung'aa na kuwa nyembamba. Ikipasuka, damu humwagika kwa nguvu ya ateri, na mtu anaweza kufa nyumbani kabla hajafikishwa popote.

Ujuzi huu wa muuguzi haumo katika mkataba wa ununuzi wa mashine. Ni ujuzi wa vidole: kuusoma mshipa kwa kuupapasa, kujua damu inaelekea wapi, kutenganisha ncha za sindano mbili ili damu iliyosafishwa isivutwe tena mashineni kabla ya kuzunguka mwilini. Muuguzi akihamishwa, ujuzi huo huhama naye.

Asiye na fistula huwekewa katheta, mrija laini unaoingizwa katika vena kubwa ya shingo, na wakati mwingine ya paja. Njia hii ni ya haraka, hutumika siku hiyo hiyo na haihitaji sindano 2 kila kipindi, kwa hiyo wapo wagonjwa wanaoipenda. Zamani vena iliyo chini ya mtulinga ilitumika sana, hadi ilipobainika kwamba huachwa na kovu linaloibana na kuuharibu mkono wote wa upande huo kwa fistula ya baadaye. Hatari kubwa ya katheta ni maambukizi: ncha moja iko nje ya ngozi, nyingine iko karibu na moyo. Sharti la kwanza la kuitunza ni kutoilowesha.

Sharti hilo ni jepesi kulisoma ofisini. Kwenye fukwe za Msimbati na Msangamkuu, wanawake huingia baharini maji yanapokupwa kutafuta pweza na chaza, na wanaume huvuta nyavu wakiwa wamezama hadi kifuani. Hewa ina chumvi na jasho halikauki. Mvuvi mwenye katheta shingoni hana kazi tena. Mwenye fistula anaweza kulowa, lakini mkono huo haubebi ndoo wala kukokota juya, haupimwi shinikizo la damu na haulaliwi. Kwa kawaida huchaguliwa mkono usio wa kazi, ambao kwa wengi ni wa kushoto. Jambo hilo limewafaa Waswahili bila kukusudiwa: katika saa 4 za mashineni mkono wa kulia hubaki huru, na mtu anaweza kula.

Masafa

Kwa muda mrefu mashine zilikuwa Dar es Salaam na katika miji mingine michache. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara. Hadi daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, magari yalivuka mto huo kwa pantoni ya Ndundu, na wakati wa masika njia iliweza kufungwa kwa siku nyingi. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kilichelewa kuwekwa lami kwa miaka zaidi ya kumi.

Mtu anayehitaji mashine kila baada ya siku 2 hawezi kuishi katika masafa hayo. Alikuwa na njia mbili: kuhamia Dar es Salaam, akakaa kwa ndugu, au kubaki nyumbani na kufa. Kuhama hakukuwa suala la nauli tu. Uchumi wa Mtwara ni wa korosho, na korosho hulipa kwa msimu, mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Mashine hudai kila wiki. Mkulima aliyeuza korosho zake vizuri mwezi Novemba anaweza kuwa amekwisha ifikapo Februari, na msimu wenye mgogoro, kama ule wa 2018 ambapo serikali iliamua kununua zao lote, huacha pengo ambalo mwili hauwezi kulisubiri. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliofungua milango mwaka 2001, ulianza na watumishi wa umma. Mkulima na mvuvi walibaki nje kwa sehemu kubwa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Mwaka 2021 Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ilianza kutoa huduma Mitengo, Mtwara, na usafishaji damu ukapata makao kusini. Hii ni hatua kubwa, na hakuna sababu ya kuipunguza. Siku za mwanzo wa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara katika sehemu kadhaa, ilionekana wazi nini maana ya kuwa na mashine upande huu wa mto. Pamoja na hayo masafa hayakwisha. Yalihamia ndani ya mkoa. Mkazi wa Msangamkuu huvuka ghuba kwa pantoni. Wa Msimbati na wa vijiji vya Kilambo, karibu na mlango wa Ruvuma, husafiri kwa bodaboda au daladala mara 6 kwa wiki, kwenda na kurudi, akiwa dhaifu wakati wa kurudi kuliko wakati wa kwenda.

Na kipo kisichohamia kwa urahisi. Upasuaji wa kuunganisha ateri na vena umejikita zaidi katika hospitali kubwa za nchi, hasa za Dar es Salaam. Mashine imekaribia, lakini mshipa wa kuilisha bado hutengenezwa mbali. Mgonjwa anayeanza tiba kwa katheta huambiwa kwamba ni ya muda, kisha safari ya upasuaji huahirishwa kwa kukosa nauli, au kwa kuwa hawezi kukosa vipindi vya mashine akiwa njiani, na ya muda ikawa ya miaka.

Lugha nayo imeongeza umbali. Neno fistula limejulikana Tanzania kwa maana nyingine: jeraha la uzazi linalomfanya mama avuje mkojo, ambalo hospitali ya CCBRT na wengine wamelifanyia kampeni kwa miaka, hadi nauli za wagonjwa zikatumwa kwa simu kuanzia mwaka 2009. Kampeni ilifaulu. Matokeo yasiyotarajiwa ni kwamba mwanamke anayeambiwa atawekewa fistula husikia aibu kabla ya kusikia tiba, na mwanamume huona ameambiwa jambo lisilomhusu. Mshipa nalo si neno jepesi. Katika Kiswahili hubeba ateri, vena, hata kano na neva, na pwani mtu akisema ana mshipa, wengi huelewa ngiri au busha. Maneno ateri na vena yamo katika vitabu vya biolojia vya shule, lakini hayajatoka humo kwenda wodini. Wauguzi wanaosema "mshipa wa mashine" wamepata jina linaloeleweka bila maelezo ya ziada, na lingestahili kuingia katika vipeperushi vya wagonjwa.

Hatua ya mwanzo kabisa ya njia hii haiko Mitengo wala Dar es Salaam. Iko zahanati. Mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu hulazwa mara nyingi kabla figo hazijashindwa, na kila mara huwekewa kanula ya dripu. Ikiwekwa kwenye vena ya mkono kati ya kifundo na kiwiko, kwa sababu ni nene na haikosewi, vena hiyo huweza kuwa kovu, na ndiyo ile ile ambayo mpasuaji angeihitaji miaka 5 baadaye. Ikiwekwa mgongoni mwa kiganja, vena ya juu husalimika. Uchaguzi huo hauna gharama, hautaki mashine wala bima, na huchukua sekunde chache. Hufanywa usiku, kwa mwanga mdogo, na mtu ambaye shule yake ya sindano ilianzia kwenye tako na bega, huku ndugu wa mgonjwa wakisimama pembeni na kumhimiza achome haraka.